Kazi Nyingi kwa Wakati Mmoja: Historia ya Dhana na Mashaka ya Tafsiri Yake

Utangulizi

Katika matangazo ya nafasi za kazi, fomu za kupima utendaji na miongozo ya mafunzo inayotafsiriwa kutoka Kiingereza, kuna kifungu ambacho kimekwisha kuzoeleka: mwombaji anatakiwa awe na "uwezo wa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja". Kifungu hicho kinasimama mahali pa neno moja la Kiingereza, ambalo baadhi ya wasemaji wetu sasa hulitamka multitaskingi. Neno hilo limeundwa kwa kiambishi chenye asili ya Kilatini kinachoonyesha wingi, na neno lenye maana ya kazi au jukumu. Kwa mtazamo wa juu juu tafsiri yetu haina kasoro: wingi upo, kazi ipo, na sarufi imetimia. Lakini msomaji akiichunguza vizuri ataona kwamba mfasiri ameongeza jambo ambalo halimo katika viungo vya neno la asili. Jambo hilo ni "kwa wakati mmoja".

Makala hii ina nia ya kueleza historia ya dhana hiyo, na kuonyesha kwamba nyongeza hiyo si ndogo. Istilahi ikishaingia katika fomu ya ofisi hugeuka kuwa kipimo cha mtu. Karani wa masjala, mwalimu na muuguzi watapimwa kwa maneno tuliyoyachagua sisi. Ikiwa maneno hayo yanadai jambo lisilowezekana, tutakuwa tumewaandikia watu sharti wasiloweza kulitimiza, na makosa yatokanayo na sharti hilo yatahesabiwa kuwa ni uzembe wao. Kwa hiyo hatuna budi kwanza kujua jambo lenyewe ni nini, ndipo tulipe jina.

Nyota na saa

Mtu anaweza kudhani kwamba suala hili lilizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Kisa kimoja mashuhuri kilitokea Greenwich, Uingereza, mwaka 1796. Mkuu wa kituo cha kutazama nyota, Nevil Maskelyne, alikuwa na msaidizi aliyeitwa David Kinnebrook. Kazi ya msaidizi ilikuwa kurekodi saa kamili ambayo nyota inapita kwenye nyuzi nyembamba zilizofungwa ndani ya darubini. Njia iliyotumika iliitwa ya jicho na sikio. Mtazamaji aliangalia saa, kisha akaweka jicho kwenye darubini na kuendelea kuhesabu mapigo ya saa kwa sikio. Papo hapo alitakiwa kuona mahali nyota ilipokuwa kwenye pigo moja na mahali ilipofika kwenye pigo lililofuata, na kwa umbali huo kukadiria sehemu ya kumi ya sekunde.

Kuanzia mwaka 1795 Maskelyne aligundua kwamba rekodi za msaidizi wake zinachelewa kuliko zake mwenyewe. Alimwonya. Badala ya kupungua, tofauti iliongezeka mpaka ikafikia sekunde 0.8, na Kinnebrook akaachishwa kazi. Sekunde 0.8 haikuwa mchezo, maana rekodi hizo ndizo zilizotumika kurekebisha saa. Kwenye ikweta dunia huzunguka kiasi cha mita 465 kwa kila sekunde, hivyo kosa la sekunde 0.8 ni kosa la mita 370 hivi juu ya uso wa dunia.

Jambo hilo lingesahauliwa kama Friedrich Bessel, mnajimu wa Königsberg, asingelisoma habari zake miaka mingi baadaye na kujiuliza kama kweli Kinnebrook alikuwa mzembe. Katika miaka ya 1820 Bessel alijilinganisha na wanajimu wenzake waliokuwa mahodari. Aliona kwamba hata baina ya mabingwa kulikuwa na tofauti, na mara nyingine ilipita sekunde nzima. Wala tofauti hizo hazikutokana na uvivu. Ilidhihirika kwamba macho na masikio ya mtu hayawezi kuletewa mambo mawili yakapokewa sawasawa kwa nukta ileile; moja hutangulia na jingine hufuata, na kila mtu ana utaratibu wake. Tangu hapo wanajimu waliacha kutafuta wa kulaumiwa, wakaanza kuipima tofauti ya kila mtazamaji na kuisahihisha katika hesabu. Kwa Kinnebrook, hata hivyo, ujuzi huo ulikuja umechelewa.

Kutoka darubini hadi maabara

Swali la wanajimu lilichukuliwa na wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1861 Wilhelm Wundt, Mjerumani ambaye mwaka 1879 alianzisha maabara maarufu ya saikolojia mjini Leipzig, aligeuza saa ya ukutani kuwa kifaa cha kupimia fikra. Timazi ya saa ilipita mbele ya vipimo vilivyochorwa, na ilipofika mahali fulani iligonga na kutoa sauti. Wundt alijitazama mwenyewe: aliposikia mlio, timazi aliiona iko wapi? Aliona kwamba mahali alipodhani timazi ipo sipo ilipokuwa hasa. Kati ya kusikia na kuona palikuwa na pengo la kiasi cha moja ya nane ya sekunde. Wundt alifikia uamuzi kwamba nia ya mtu hushughulikia jambo moja, kisha huhamia jingine.

Katika karne ya 20 upimaji uliendelea. Mwaka 1927 Arthur Jersild, nchini Marekani, aliwapa watu orodha za hesabu. Katika orodha moja walifanya tendo la aina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika nyingine walitakiwa kupishanisha, yaani kujumlisha mara hii na kutoa mara ifuatayo. Matendo yalikuwa yaleyale, na idadi ileile, lakini orodha ya kupishanisha ilichukua muda mrefu zaidi. Muda uliozidi haukutumika katika kujumlisha wala katika kutoa. Ulitumika katika kuhama. Yafaa ikumbukwe pia kwamba Jersild aligundua upande wa pili wa jambo: ambapo kazi mbili zilitofautiana kabisa, kwa mfano moja ya tarakimu na nyingine ya maneno, hasara hiyo ilitoweka. Kwa hiyo kazi zinazofanana ndizo zinazogombana zaidi.

Mwaka 1931 Charles Telford alionyesha kwamba mtu akipewa ishara mbili zinazofuatana haraka mno, jibu lake kwa ishara ya pili huchelewa, kana kwamba mlango wa kupitia ni mmoja nao umeshikwa na wa kwanza. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha kwamba hata mtu anapojua mapema kuwa atahama, na akapewa nafasi ya kujiandaa, hasara hupungua lakini haiishi. Mwaka 2001 Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans waliongeza kwamba hasara hukua kadiri kanuni za kazi zinavyozidi kuwa ngumu.

Mashine iliyotoa neno

Mpaka hapo jambo lilikuwapo, lakini neno tunalolijadili lilikuwa halijatoka. Neno lilitoka kwa wahandisi wa kompyuta katikati ya miaka ya 1960, nayo mazingira ya kuzaliwa kwake yanatufundisha mengi.

Kompyuta za mwanzo zilifanya programu moja mpaka ikaisha, ndipo ikaingizwa nyingine. Mashine zilikuwa za bei kubwa sana, na prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu, ilikuwa na kasi kubwa kuliko vifaa vya kusomea kadi na kuchapia matokeo. Prosesa ilikaa bure ikisubiri. Wahandisi wakajiuliza kwa nini wakati wa kungoja programu moja usitumiwe kuendeshea nyingine. Mwaka 1959 Christopher Strachey, Mwingereza, alieleza wazo hilo katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, na mwaka huohuo John McCarthy aliandika waraka juu ya wazo la jamaa yake katika chuo cha MIT, Marekani. Mwezi Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja, kila mmoja akiona kama ni yake peke yake. Mwezi Desemba 1962 kompyuta iitwayo Atlas ilizinduliwa Manchester, nayo iliweza kushughulikia programu kadhaa kwa zamu. Kampuni ya IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964, programu za kuziendesha zilizofuata ziliita kila sehemu ya shughuli kwa neno la kazi. Haikuwa ajabu basi kwamba neno la kuonyesha wingi wa kazi lilifuata.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Prosesa hiyo haikufanya mambo mawili kwa wakati mmoja hata siku moja. Ilifanya la kwanza kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikahifadhi mahali ilipofikia, ikaliweka kando, ikachukua la pili, kisha ikarudi. Usawia ulikuwa machoni pa mtumiaji tu, kwa kuwa kasi ya mashine ilizidi kasi ya jicho lake. Tena wahandisi wenyewe waligundua mapema kwamba kupishanisha kuna mpaka. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza hali ambayo kompyuta iliyopewa programu nyingi kupita uwezo wa kumbukumbu yake hutumia karibu muda wake wote kutoa na kuingiza vitu, na kazi yenyewe haiendi. Kwa Kiswahili hali hiyo twaweza kuiita mhangaiko, na hapana shaka msomaji aliyewahi kukaa ofisini anaitambua.

Usawia wa kweli uliingia kwa njia nyingine kabisa, nayo ni ya kuongeza prosesa. Mwaka 2001 IBM ilitoa POWER4, yenye prosesa mbili katika kipande kimoja. Siku hizi hata simu ya mkononi ina kadhaa. Mashine basi ilipata kufanya mambo mawili pamoja ilipopewa vichwa viwili. Binadamu hajapewa cha pili.

Neno lilipohamia kwa watu

Katika miongo iliyofuata neno lilitoka katika vyumba vya kompyuta, likaingia ofisini, likawa sifa ya mfanyakazi hodari. Jambo la kawaida katika historia ya maneno ni kwamba neno likihama hubeba kitu na kuacha kitu. Neno hili lilibeba ahadi ya wingi, likaacha habari ya kupishanisha. Lilipofika kwetu, tukalitafsiri kwa kuitazama ile ahadi, na tukaikaza zaidi kwa kuongeza "kwa wakati mmoja". Kwa hiyo tafsiri yetu inamdai karani jambo ambalo hata mashine iliyotoa neno haikulifanya.

Huenda msomaji akapinga kwa kutaja watu wa fani yetu wenyewe: je, mkalimani hasikilizi na kusema papo kwa papo? Pingamizi hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa historia. Ukalimani wa aina hiyo ulipata umaarufu katika kesi ya viongozi wa Kinazi iliyosikilizwa Nuremberg, Ujerumani, kuanzia Novemba 1945 hadi Oktoba 1946. Lugha zilikuwa nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Wakalimani walikaa katika vikundi vitatu vya watu kumi na wawili. Vikundi viwili vilipokezana mahakamani kwa vipindi vya dakika 85, na cha tatu kilipumzika siku hiyo. Mkalimani alifanya kazi ya kuingiza katika lugha moja tu. Msemaji akienda mbio, taa ya manjano iliwashwa apunguze mwendo. Mambo yakiharibika, taa nyekundu iliwashwa naye akanyamaza.

Tukiutazama utaratibu huo tutaona kwamba waliouweka hawakumwambia mkalimani afanye mambo mengi. Walimwondolea kila jambo isipokuwa moja. Kusikia na kusema kwake ni sehemu mbili za tendo moja, na maana inayopita katika sehemu hizo ni moja. Siku hizi zamu zimefupishwa zaidi. Wakalimani wawili katika kibanda kimoja hupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Jambo hili linatugusa kwa karibu, kwa kuwa Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, na vijana wetu wanaingia katika vibanda hivyo. Atakayewaandikia sifa za kazi akatumia kile kifungu cha "kazi nyingi kwa wakati mmoja" atakuwa ameielewa kazi yao kinyume.

Lugha yetu inasemaje

Kabla ya kuunda neno jipya, ni desturi kutazama lugha yenyewe ina nini. Methali zetu zina msimamo ulio wazi: mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Lakini methali ni mafunzo, na hazitoshi kuwa istilahi. Tutazame sarufi.

Kiswahili kina njia mbili za kueleza matendo mawili ya mtu mmoja, na wasemaji hawazichanganyi. Njia ya kwanza ni ya kiambishi -ki-, aghalabu pamoja na neno "huku". Twasema, "Anatwanga huku akiimba", au "Alikuja akilia". Hapa matendo mawili yanakwenda pamoja kweli, na mara nyingi moja limekwisha kuwa mazoea ya mwili, halihitaji tena fikra. Wimbo wa kutwanga haugombani na mchi. Mchi ndio unaoupa wimbo mapigo yake. Njia ya pili ni ya kurudia neno "mara": "Mara anaandika barua, mara anapokea simu". Hapa msemaji anaonyesha kwamba mtendaji anahama. Tena sentensi hiyo hubeba harufu ya wasiwasi, kana kwamba lolote kati ya hayo mawili halitaisha vizuri. Msemaji wa kawaida hasemi "Anaandika barua huku akisoma taarifa ya fedha", isipokuwa kwa mzaha. Sarufi yetu basi ilikwisha tenga mambo ambayo Wundt na Jersild waliyatenga kwa vipimo. Kifungu tunachokikosoa kinayarudisha katika fungu moja.

Yako pia maneno yanayokaribia dhana hii. "Kuchanganya kazi" halifai, kwa kuwa hubeba lawama; aliyechanganya mambo huambiwa amechanganyikiwa. "Kupokezana" ni neno zuri, lakini lahitaji watu wawili au zaidi, kama wapagazi wanaopokezana mzigo. Linawafaa wakalimani wawili kibandani, halimfai karani mmoja. "Kubadili kazi" hueleweka kuwa ni kuacha ajira moja na kushika nyingine. Linabaki "kupishana", na hali yake ya kusababisha, "kupishanisha". Ni kweli kwamba watu wakitofautiana husemwa wamepishana kauli. Lakini umbo la "kupishanisha" halina maana hiyo, na picha yake ni sahihi: vitu viwili vinapita mahali pamoja, kila kimoja kwa zamu yake.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie maneno yafuatayo, kila moja kwa dhana yake.

Kwanza, upishanishaji kazi: hali ya mtu mmoja au prosesa moja kushughulikia kazi kadhaa kwa kuhama kutoka moja hadi nyingine. Hili ndilo linalofaa kusimama mahali pa multitaskingi katika maandishi ya kompyuta na ya ofisi.

Pili, utendaji sawia: hali ya kazi mbili au zaidi kwenda pamoja kweli, aidha kwa sababu watendaji ni wengi, au kwa sababu moja ya kazi hizo imekuwa mazoea ya mwili. Neno "sawia" limo tayari katika kamusi zetu, halihitaji utetezi.

Tatu, gharama ya mpito: muda na usahihi vinavyopotea katika kuhama. Bila istilahi hii, hasara hiyo haina mahali pa kuandikwa, na jambo lisilo na jina ni vigumu kulihesabu katika mpango wa kazi.

Nne, mhangaiko: hali ambayo gharama ya mpito imekula muda wote, na kazi haiendi.

Kwa upande wa kushika kazi moja mpaka iishe, hatuoni haja ya kuunda neno. Umakinifu upo, na wanafunzi wanalijua tangu shule ya msingi.

Faida ya mgawanyo huu si ya wataalamu peke yao. Mwalimu anayefundisha madarasa mawili katika chumba kimoja hawafundishi wote pamoja. Huwapa hawa zoezi la kuandika, akawafundisha wale, kisha akageuka. Akiandikiwa kwamba anatakiwa "kufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja", atatafuta ustadi usiokuwapo. Akiandikiwa kwamba anatakiwa "kupishanisha madarasa mawili", atajua kwamba ustadi unaotakiwa ni wa kupanga zamu na kuandaa mazoezi ya wale wanaongoja. Na mkaguzi naye atajua akague nini. Vilevile fomu ikimtaka karani awe na "uwezo wa kupishanisha kazi", mkuu wake atalazimika kujiuliza ni kazi ngapi, kwa zamu gani, na kwa gharama gani ya mpito. Maswali hayo yana majibu. Swali la kwa nini hakuweza kufanya yote kwa wakati mmoja halina jibu ila lawama.

Maskelyne hakuwa na neno la kueleza tofauti aliyoiona kati ya rekodi zake na za msaidizi wake, isipokuwa neno la kosa. Neno jingine lilipopatikana, wanajimu walipima tofauti hiyo na kuisahihisha, na hakuna aliyehitaji kufukuzwa kwa ajili yake. Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya wanaombwa wayalete, pamoja na sentensi za kuonyesha matumizi yake, kabla kile kifungu cha zamani hakijaota mizizi katika fomu zetu.